Kazi inachosha, riwaya inasubiri: Waandishi wanavyoandika na kupata mtindo wao baada ya saa za kazi

Mtu anatoka Mbagala saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Katikati kuna foleni, bosi, wateja na daladala la kusimama. Akifika nyumbani kuna chakula, kuna watoto na kuna madaftari ya shule ya kukagua.

Halafu, kama macho bado yako wazi, kuna ile hadithi aliyoianza mwaka juzi.

Hapo ndipo riwaya nyingi hufia. Mwenyewe husema, "Nikipata muda nitaandika." Muda haupatikani. Miaka inapita, hadithi inabaki kichwani, na kichwa chenyewe kinazidi kujaa mambo ya ofisini.

Lakini orodha ya waandishi wakubwa, wa hapa na wa nje, imejaa makarani, walimu, wahariri na watumishi wa serikali. Wengi wao waliandika vitabu vyao maarufu wakiwa bado waajiriwa, wakitumia saa chache zilizobaki.

Siri yao, kama ni siri, ni kuujua uchovu wao vizuri na kuupa kila uchovu kazi inayoufaa.

Karani wa forodha aliyeitwa Shaaban Robert

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 mkoani Tanga, hakuishi kwa kalamu. Alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na akatumikia serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30.

Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Wakati huo alikuwa bado mwajiriwa. Mashairi, insha na hadithi zake nyingi zilitoka kwa mtu aliyekuwa akienda kazini asubuhi kama karani mwingine yeyote.

Katikati ya kazi hizo aliandika pia barua nyingi kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zimekusanywa na kuwa kitabu. Kwa mwandishi mwenye kazi nyingine, barua si jambo dogo: zinaufanya mkono uendelee kuandika hata wiki ambayo riwaya haisogei.

Zanzibar kuna mfano mwingine. Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, alianza kazi katika idara ya afya, akaingia kwenye uhariri wa magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Riwaya iliyofuata, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Hiyo ni miaka 8 kati ya kitabu cha kwanza na cha pili.

Baada ya kustaafu, vitabu vilifuatana haraka: mwaka 1973, 1974, 1975 na 1976. Aliyekaa miaka miwili bila kumaliza sura na kudhani kipaji kimekufa, aikumbuke hesabu hiyo. Pengo siyo mwisho.

Hata washindi wa Nobel waliajiriwa

Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali tangu miaka ya 1930 mpaka alipostaafu mwaka 1971. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1988.

Toni Morrison wa Marekani alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu ya Random House, huku akilea watoto wawili wa kiume peke yake. Aliandika alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Alipoacha kazi hiyo mwaka 1983 alikuwa tayari ametoa riwaya 4. Nobel yake ilikuja mwaka 1993.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 akiwa na miaka 38. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, na aliendelea kufundisha na kuandika kwa miaka mingi. Alikuwa ameshastaafu aliposhinda Nobel mwaka 2021.

Wote hawa walikuwa na vipaji, hilo halina ubishi. Lakini ratiba zao zilifanana na za watu wengine: mshahara, majukumu, na saa chache za pembeni.

Uchovu siyo mmoja

Watu husema "nimechoka" kana kwamba uchovu ni kitu kimoja. Kwa mwandishi, kuna angalau aina mbili.

Wa kwanza ni uchovu wa mwili. Fundi ujenzi, mbeba mizigo au mama wa sokoni hurudi nyumbani miguu inauma, lakini huenda kichwa bado kina nafasi. Mchana kutwa amesikia watu wakiongea, wakigombana na wakitaniana. Huyu akikaa na kunywa chai, sentensi zinaweza kuja.

Wa pili ni uchovu wa maneno. Mwalimu aliyesahihisha insha 90, mhudumu wa wateja aliyepokea simu siku nzima, mwandishi wa habari, karani wa mahakama: hawa wametumia lugha mpaka imekwisha. Mwili unaweza kuwa mzima kabisa, lakini ukimwambia aandike aya moja anaona kama umemwambia abebe gunia.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mwenye uchovu wa mwili anaweza kuandika jioni. Mwenye uchovu wa maneno hufanikiwa zaidi akiandika kabla ya kazi, hata kwa dakika 20, kabla lugha yake haijachukuliwa na mwajiri.

Ndiyo maana wahariri na walimu wengi wanaoandika huchagua alfajiri.

Maneno 200 kwa siku

Mwingereza Anthony Trollope alifanya kazi posta kwa zaidi ya miaka 30 na kuandika riwaya 47. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa.

Si kila mtu ana mtumishi wa kumletea kahawa. Hata kasi ya maneno 250 kwa robo saa ni ya watu wachache. Lakini wazo la kuhesabu linafaa kila mahali.

Maneno 200 ni kama aya tatu hivi. Mtu akiandika maneno 200 kwa siku 5 za wiki, anapata 1,000 kwa wiki. Akiondoa wiki 2 za ugonjwa, misiba na safari, wiki 50 zinampa maneno 50,000. Hiyo ni rasimu ya riwaya nzima ndani ya mwaka mmoja, na Jumamosi na Jumapili hajagusa.

Muhimu ni kiwango kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya kinawezekana. Anayejiwekea maneno 1,000 kila siku hushindwa Jumanne, hujilaumu Jumatano, na ikifika Ijumaa ameacha.

Kila hali na kazi yake

Kuandika riwaya ni kazi nyingi ndani ya kazi moja. Kuna kubuni, kuna kuandika, kuna kufuta, kuna kusahihisha majina na tarehe, kuna kusoma. Kosa la wengi ni kujaribu kufanya yote kwa wakati mmoja saa 4 usiku.

Mgawanyo unaosaidia ni huu:

• Kichwa kikiwa kizima, kama alfajiri au Jumapili asubuhi: kuandika sehemu mpya, hasa ngumu.

• Ukiwa umechoka kiasi: kusoma ulichoandika jana na kukata maneno ya ziada. Kufuta kunahitaji nguvu kidogo kuliko kuunda.

• Ukiwa umechoka sana: kuandika mstari mmoja tu wa kumbukumbu, kwa mfano "kesho: Mama Zuhura anapata ile barua", kisha kulala.

Huo mstari mmoja wa usiku una faida kubwa asubuhi. Mwandishi haanzi kwa kujiuliza "nilikuwa wapi?" Anaingia moja kwa moja.

Na siku nyingine dawa ni usingizi tu. Wataalamu wa usingizi hushauri mtu mzima alale angalau saa 7. Anayeiba saa za kulala ili aandike atazilipa kazini, na mara nyingi atafuta alichoandika.

Franz Kafka, karani wa bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, aliandika hadithi yake "Hukumu" kwa usiku mmoja wa Septemba 1912, kuanzia kama saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Stori hiyo hupendwa sana na waandishi vijana. Isiyosimuliwa sana ni kwamba Kafka alisumbuliwa na kukosa usingizi na maumivu ya kichwa, na kwamba riwaya zake tatu aliziacha bila kuzimaliza. Usiku mmoja wa moto hauwezi kuwa ratiba ya mwaka mzima.

Simu ni daftari, simu pia ni mwizi

Trollope alikuwa akisafiri sana kwa kazi ya posta. Alijizoeza kuandika kwa penseli ndani ya treni, akiwa amepakata ubao wa kuandikia, na baadaye mke wake alinakili maandishi hayo kwa wino.

Leo ubao huo uko mfukoni. Programu yoyote ya kuandika kumbukumbu kwenye simu inatosha kwa maneno 200, na foleni ya Dar es Salaam au Nairobi inatoa muda wa kutosha. Asiyeweza kuchapa akiwa amesimama anaweza kurekodi sauti yake kwa kunong'ona, kisha akaiandika akifika. Kwenye kituo chenye vibaka, bora simu ikae mfukoni na sentensi ikae kichwani.

Tatizo ni kwamba simu hiyo hiyo ina WhatsApp, video fupi na ligi ya Uingereza. Dakika 20 zinaliwa kabla hujaandika neno moja. Wengine huzima data kabla ya kufungua hadithi, na kuiwasha wakimaliza kiwango cha siku.

Jambo jingine ni kuhifadhi nakala. Simu huibiwa, huanguka majini, huharibika. Kujitumia hadithi kwa baruapepe kila Ijumaa huchukua dakika moja, na kunaweza kuokoa kazi ya mwaka.

Mtindo unatoka wapi?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Muda wameupata, maneno wanayaandika, lakini wakisoma wanaona maandishi yanafanana na ya kila mtu. Yanasikika kama kitabu cha shule, au kama tamthilia iliyotafsiriwa.

Mtindo hauvaliwi kama shati. Unakuja polepole kutokana na maamuzi madogo yanayorudiwa: neno gani linabaki, lipi linatoka, sentensi inakatwa wapi. Mtu anayefanya maamuzi hayo kidogo kila siku hupata mtindo haraka kuliko anayengoja likizo.

Chukua mfano huu wa rasimu iliyoandikwa usiku wa kuchoka:

"Mama Zuhura alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mwanawe hakuwa amerudi nyumbani kwa muda mrefu."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini msomaji hahisi chochote, kwa sababu ameambiwa huzuni ipo bila kuiona. Asubuhi, mwandishi yule yule anaweza kuirudia hivi:

"Kila jioni Mama Zuhura alipakua sahani tano. Nne zililiwa."

Neno "huzuni" limeondoka, na huzuni imebaki. Sentensi ya pili ni fupi, ina maneno mawili tu, na ufupi wenyewe unaumiza. Rasimu ya usiku haikuwa hasara: bila hiyo, asubuhi kusingekuwa na kitu cha kurekebisha. Ndiyo sababu ya kutokuogopa kuandika vibaya ukiwa umechoka.

Zoezi jingine ni kusoma kwa sauti. Kiswahili ni lugha ya masikio. Hadithi zilisimuliwa barazani kabla ya kuandikwa. Pale ambapo ulimi unajikwaa, au pumzi inaisha kabla ya nukta, sentensi ina shida.

Kazi inayokuchosha ndiyo inayokupa lugha

Kuna mali ambayo mwandishi wa kutwa hana, na mwajiriwa anayo: lugha ya kazi yake.

Konda wa daladala ana maneno yake. Dereva ni "suka", abiria ni "kichwa", mwenye gari ni "tajiri", anayeshikia gari kwa muda ni "deiwaka", na "hesabu" ni ile pesa ambayo lazima ifike kwa tajiri jioni hata kama siku ilikuwa mbaya. Ndani ya neno "hesabu" tu kuna riwaya: hofu, deni, uongo, na mtoto anayesubiri ada.

Nesi ana lugha ya zamu. Mshonaji ana lugha ya pindo na mkato. Karani wa ardhi anajua jinsi ndugu wawili wanavyoacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa hatua tatu. Haya hayapatikani kwa kukaa chumbani na kutafuta msukumo.

Adam Shafi aliipa riwaya yake ya mwaka 1979 jina la Kuli, na akaingia moja kwa moja kwenye maisha ya wapakuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Kazi yenyewe, mizigo na malipo yake, ndiyo inayoendesha hadithi.

Kwa hiyo ukurasa mmoja wa daftari unaweza kutengwa kwa maneno ya kazini: msemo mmoja kwa siku, jinsi ulivyotamkwa, bila kutaja jina la mtu. Baada ya miezi sita mwandishi ana kamusi ambayo hakuna mwingine anayo. Tahadhari ni moja: siri za wagonjwa, wateja na ofisi zisiingie kwenye hadithi. Lugha ichukuliwe, watu wabadilishwe.

Mtindo pia una haki ya kubadilika. Euphrase Kezilahabi, aliyefanya kazi ya ualimu mpaka ngazi ya chuo kikuu, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya inayosimulia maisha kwa njia ya wazi. Karibu miaka 20 baadaye alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vifupi vya mafumbo ambavyo msomaji wa kwanza angeweza kudhani vimeandikwa na mtu mwingine. Hakuna sababu ya mwandishi wa kitabu cha kwanza kujifunga kwa mtindo mmoja.

Vipi kuacha kazi kabisa?

Swali hili huja kila mwisho wa mwezi mbaya. Jibu la haraka ni kwamba soko la vitabu vya Kiswahili bado gumu, na mauzo ya nakala chache hayalipi kodi ya nyumba.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mshahara humpa mwandishi uhuru wa kutokufurahisha kila mtu. Anayekula kwa kalamu peke yake, kwa mfano anayeuza hadithi vipande vipande Facebook na WhatsApp, lazima kila kipande kiishie penye kishindo ili mteja anunue kinachofuata. Hiyo ni kazi halali, tena inafundisha kubana hadithi. Ila mwenye mshahara anaweza kuandika sura tulivu bila kuogopa kulala njaa.

Kinachokosekana kwa mwajiriwa ni mtu wa kumdai. Hapo mashindano yanasaidia, kama yalivyomtoa Muhammed Said Abdulla. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa Watanzania, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal kwa fasihi ya Afrika. Hata asiyeshinda anapata kitu adimu: tarehe ya mwisho.

Nyumbani nako wanadai

Saa moja ya kuandika huchukuliwa mahali. Mara nyingi huchukuliwa kwa mke, mume au watoto, na wao ndio hulipa bila kuulizwa.

Dakika 30 zinazojulikana na kila mtu nyumbani, kwa mfano kuanzia saa 11 alfajiri, huleta ugomvi mdogo kuliko saa tatu za kujifungia ghafla Jumamosi. Na makubaliano yawe ya pande mbili: kama mmoja anaandika alfajiri, mwenzake naye apate muda wake jioni bila kuombwa chai.

Wako watakaosema kuandika bila kulipwa ni kupoteza muda. Ubishi hauwamalizi. Kinachosaidia ni kuwa na kitu cha kuonyesha, hata kama ni sura tatu zilizopigwa chapa na kubanwa kwa pini. Maneno 200 ya leo ni mwanzo wa sura hizo.